MWALIMU WA SAYANSI NI MFANYAKAZI MWENZETU

Katika mikutano yetu hapa Cibitoke tumezoea kuzungumza habari za mshahara, zamu za usiku, mabuti, glovu na likizo. Hayo ni mambo yetu na hatutayaacha. Lakini kuna jambo jingine linalorudi kila tunapokutana, nalo ni darasa la sayansi ambamo watoto wetu wanakaa. Wazazi wanalalamika kwamba mtoto amefika darasa la saba, anaweza kuimba maana ya hewa na maji kwa Kifaransa kama kasuku, lakini hajaona jaribio hata moja kwa macho yake. Walimu nao wanajibu kwamba hawana vifaa, hawana nafasi, na watoto ni wengi kupita kiasi. Wengine kati yetu wanauliza: chama cha wafanyakazi kinahusika vipi na mambo ya ubao na chaki? Sisi tunasema kinahusika sana, na hapa tunaeleza kwa nini.

JAMBO HILI NI LETU

Wengi wetu tulisoma mpaka darasa la sita tu, halafu tukaingia kiwandani au shambani. Huko ndiko tulikokutana na sayansi, na mara nyingi tulikutana nayo kwa maumivu. Mfanyakazi anayechanganya maji ya javeli na asidi ya kusafishia choo anatoa gesi ya klorini, na gesi hiyo inaunguza macho na mapafu. Mfanyakazi wa kutengeneza sabuni anayemimina maji juu ya soda kali anarukiwa na soda inayochemka, kwa sababu soda hutiwa ndani ya maji kidogo kidogo, wala si maji juu ya soda. Anayepulizia dawa shambani huku upepo ukimkabili anavuta sumu ile ile aliyotumwa kuua wadudu. Mambo haya yote ni somo la sayansi la watoto wa miaka kumi na miwili. Asiyefundishwa darasani hufundishwa na hospitali.

Tena tukumbuke kipindupindu. Tarehe 1 Januari 2023 serikali yetu ilitangaza ugonjwa huo, na mitaa ya kaskazini ya Bujumbura ilikuwa kati ya mahali palipoguswa. Wakati ule tuliona wazi tofauti kati ya nyumba ambayo mtoto amefundishwa kwamba maji meupe si lazima yawe maji salama, na nyumba ambayo hakuna aliyefundishwa hivyo. Mtoto anayejua kutengeneza maji ya chumvi na sukari, yaani lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa, anaweza kumshikilia ndugu yake mpaka afikishwe kwa daktari. Hayo ni masomo ya kuokoa roho. Usiseme ni mambo ya wasomi.

DARASA LA WATOTO 90

Kabla ya kumlaumu mwalimu, tufanye hesabu kama tunavyofanya hesabu za mshahara. Mwaka 2005 karo ya shule ya msingi ilifutwa katika nchi yetu, nasi tulifurahi, kwa kuwa watoto wa vibarua waliingia shuleni kwa maelfu. Lakini madarasa na walimu hawakuongezeka kwa mwendo huo. Hata kabla ya hapo, tangu miaka ya 1980, shule nyingi zilikuwa zimegawanywa katika zamu mbili, wengine asubuhi na wengine mchana. Halafu mwaka 2013 yakaja mageuzi ya shule ya msingi ya miaka tisa, na somo la sayansi na ufundi likapewa nafasi kubwa, lakini chumba cha majaribio hakikuja pamoja nalo.

Chukueni somo la dakika 45 na darasa la watoto 90. Ukigawanya, kila mtoto anapata nusu dakika ya mwalimu. Nusu dakika! Nani kati yetu anaweza kumfundisha kijana mpya kuendesha mashine kwa nusu dakika? Tena tangu darasa la tano mtoto anafundishwa kwa Kifaransa, na hapa Cibitoke nyumbani anasema Kirundi na Kiswahili. Kwa hiyo anabeba mizigo miwili kwa wakati mmoja: mzigo wa jambo lenyewe na mzigo wa lugha.

Mwaka 1966 Shirika la Kazi Duniani, pamoja na UNESCO, lilitoa mapendekezo juu ya hali ya walimu. Humo imeandikwa kwamba ukubwa wa darasa uwe ule unaomwezesha mwalimu kumwangalia kila mwanafunzi peke yake. Hilo ni dai la kazi, sawa na dai letu la kutopewa mashine nne za kuangalia mtu mmoja. Mwalimu anapolalamika darasa ni kubwa, asiambiwe ni mvivu. Analalamika kama sisi tunavyolalamika.

FIMBO NA SWALI

Katika mazungumzo yetu baadhi ya wazazi walisema dawa ya darasa kubwa ni fimbo. Wakaleta methali: mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Sisi hatuitukani methali ya wazee. Lakini tunauliza: kapita wa zamani alitembea na kiboko shambani, je, alipata kazi nzuri? Alipata watu wanaoogopa, wanaoficha kosa, na wanaoacha mashine iharibike kuliko kusema kwamba imeharibika. Darasa la fimbo ni hivyo hivyo. Linanyamaza, lakini kunyamaza si kujifunza. Sayansi inaanza pale mtoto anaposema, "Mwalimu, mimi nimeona tofauti."

Tunao mfano wa jirani. Mwaka 1963, katika shule ya sekondari ya Magamba huko Tanganyika, wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa maziwa na sukari. Kijana mmoja, Erasto Mpemba, aliogopa kukosa nafasi katika friji, akaweka maziwa yake yakiwa bado ya moto. Maziwa yake yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyowekwa yakiwa si ya moto. Akamwuliza mwalimu sababu, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipoendelea na masomo huko Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, akachekwa, na kosa lake lolote darasani likawa linaitwa kwa jina lake. Hakunyamaza. Alipokuja mtaalamu wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne, kijana akauliza swali lile lile mbele ya wote, na wenzake wakaona aibu. Lakini Osborne alirudi Dar es Salaam akaagiza jambo lijaribiwe. Mwaka 1969 wawili hao waliandika habari hiyo katika jarida la walimu wa fizikia, na mpaka leo wataalamu wa dunia wanabishana juu ya jambo linaloitwa kwa jina la Mpemba.

Tazameni, ndugu. Hata kama ubishi haujaisha, ni swali la mtoto wa shule lililowafanya wakubwa washike vipimajoto. Kuuliza si ujinga. Mwalimu anayejibu, "Sijui, tujaribu," hapotezi heshima yake. Anaiongeza.

KUPANGA DARASA NI KAMA KUPANGA ZAMU

Basi bila fimbo watoto 90 watatulizwaje? Hapa sisi wafanyakazi tuna la kusema, maana kazi ya watu wengi katika chumba kimoja tunaijua. Kiwanda hakiendeshwi kwa makelele. Kinaendeshwa kwa mpango. Tumezungumza na walimu wanaoishi mitaani kwetu, na haya ndiyo wanayoona yanafaa:

Kwanza, darasa ligawanywe vikundi vya watoto wanane au tisa, na vikundi visibadilishwe kila siku. Katika kila kikundi kila mtoto apewe kazi yake: mmoja anachukua vifaa, mmoja anaandika, mmoja anapima, mmoja anasema kwa niaba ya wenzake, mmoja anaangalia usalama, mmoja anasafisha. Kazi hizo zizunguke kila wiki. Mtoto mwenye kazi hana nafasi ya fujo.

Pili, maelezo yatolewe kabla ya vifaa. Vifaa vikishafika mezani, hakuna anayesikiliza tena. Hata sisi kiwandani tunaambiwa kazi kabla mashine haijawashwa.

Tatu, kabla ya kujaribu, kila kikundi kiseme kinadhani kitatokea nini. Mwalimu aandike ubaoni mawazo yote, ya kweli na ya makosa, bila kumcheka mtu. Hapo watoto wote 90 watataka kuona nani amepatia, na mwalimu hatahitaji kupiga meza.

Nne, kama vifaa havitoshi, nusu ya darasa ijaribu na nusu ichore, halafu wabadilishane. Hata darasani zamu mbili zinawezekana.

Tano, wasichana wasiachiwe kuandika na kufagia tu huku wavulana wakishika vyombo. Viwanda vyetu vina akina mama wengi, na kinachowafungia nje ya kazi ya ufundi kilianza hapo hapo darasani.

Sita, jambo lielezwe kwanza kwa lugha ambayo mtoto anaielewa, kisha apewe neno la Kifaransa la mtihani. Mtoto akishaelewa kitu, jina lake halimsumbui.

MASOMO YASIYO NA GHARAMA KUBWA

Watu watasema majaribio yanataka vyombo vya kioo kutoka Ulaya. Si kweli kwa masomo yote. Baada ya vita kuu ya pili, mwaka 1948, UNESCO ilitoa kijitabu cha J. P. Stephenson kwa walimu wa sayansi wa nchi zilizobomolewa na vita. Kilionyesha jinsi ya kutengeneza vyombo kwa vitu vya kawaida, na kutokana nacho ukaja mwaka 1956 mkusanyiko mkubwa wa majaribio uliotumika duniani kote. Nchi zenye fedha zilifanya hivyo zilipokuwa zimevunjika. Nasi tumepita vita vyetu, na hatuna sababu ya kuona aibu.

Hapa kuna masomo machache ambayo tunaweza kuyasaidia.

Hewa. Chukua chupa ya plastiki, itoboe tundu dogo chini, ijaze maji. Ukifunga kifuniko, maji hayatoki. Ukifungua, yanatoka. Waulize watoto nani anayeyashika maji. Ni hewa inayosukuma kutoka nje.

Asidi na soda. Chuma maua mekundu ya hibiskasi katika ua wa nyumba, yaloweke katika maji ya moto, upate maji ya rangi. Tia ndimu, yatakuwa mekundu zaidi. Tia maji ya majivu au ya sabuni, yatageuka kijani. Hapo mtoto wa mfanyakazi wa sabuni ataelewa kwa nini mikono ya baba yake inachubuka.

Maji. Jaza chupa iliyokatwa kwa changarawe, mchanga na makaa yaliyopondwa, upitishe maji ya matope. Yatatoka meupe. Halafu mwalimu aulize: je, tunywe? Hapana, mpaka yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini, kwa kuwa vijidudu havionekani. Hapo asimulie habari za John Snow, mtoto wa kibarua, aliyekuwa daktari London. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua zaidi ya watu 600 katika mtaa mmoja wa Soho. Yeye alienda nyumba kwa nyumba akiuliza maji yametoka wapi, akaona wengi walichota katika pampu moja ya Broad Street. Akagundua pia kwamba wafanyakazi wa kiwanda cha bia kilichokuwa karibu, watu zaidi ya 70, hakuna aliyekufa kwa ugonjwa huo. Walikuwa wanakunywa bia, na kiwanda kilikuwa na kisima chake. Mpini wa pampu ukaondolewa. Somo hili halitaki chombo chochote. Linataka watoto waende kuuliza katika kila avenyu ya Cibitoke watu wanachota wapi na wanayahifadhije maji, kisha wachore ramani.

Joto. Bujumbura iko juu ya usawa wa bahari kiasi cha mita 780 hivi, na Ijenda iko zaidi ya mita 2000. Huko milimani maji yanachemka kabla ya kufikia joto la hapa kwetu, na ndiyo maana maharage yanachelewa kuiva. Mafuta ya mawese ya Rumonge nayo, hapa mjini ni maji, lakini kule asubuhi ya baridi yanaganda. Kila mama anayajua hayo. Kinachohitajika ni mwalimu kuwaambia watoto kwamba hayo anayoyajua mama ni sayansi.

Msuguano. Vijana wanaoteremsha ndizi kwa baiskeli kutoka Bugarama wanajua jinsi breki na ringi zinavyopata moto. Mmoja wao akiitwa darasani na baiskeli yake, watoto wataguswa na somo kuliko kwa kurasa kumi. Nguvu ya mwendo haipotei, inageuka joto.

Chai. Wenzetu wa Teza na Rwegura wanajua kwamba jani likishasagwa na kukutana na hewa hugeuka rangi. Avoka iliyokatwa hufanya vivyo hivyo, na ukiipaka ndimu inachelewa. Somo moja hilo, kiwandani na jikoni.

Kivuli. Simamisha kijiti uwanjani, uweke alama ya kivuli kila saa. Kwa kuwa tuko karibu digrii tatu na nusu kusini mwa ikweta, mara mbili kwa mwaka, karibu tarehe 12 Machi na tarehe 1 Oktoba, jua la adhuhuri linasimama juu ya kichwa na kivuli kinakaribia kutoweka. Gharama yake ni kijiti.

TUSIDANGANYWE

Lakini hapa lazima tuseme wazi, ili maneno yetu yasitumiwe vibaya. Kuna mwenzetu mmoja aliyetuonya kwamba tukisifu sana chupa za plastiki na vijiti, wakubwa watasema: basi, walimu wanajitosheleza, hakuna haja ya maabara. Onyo hilo ni la haki. Mfanyakazi hodari anaweza kufunga mashine kwa waya mpaka jioni, lakini msimamizi akishazoea waya, haleti skrubu tena. Chupa iliyotobolewa inafundisha habari za hewa, lakini haionyeshi kijidudu. Kwa kijidudu inatakiwa darubini, na darubini haiokotwi sokoni. Watoto wa wenye fedha wanasoma katika shule zenye darubini. Wetu wasiambiwe watosheke na kijiti.

Kwa hiyo mambo mawili yaende pamoja. Tusaidie leo kwa tulicho nacho, na tudai kwa sauti moja tunachostahili. Anayesaidia bila kudai anakuwa punda. Anayedai bila kusaidia, mtoto wake anamaliza shule kabla dai halijajibiwa.

TUNAYOYAPENDEKEZA

Tunapendekeza kila tawi lizungumze mambo haya na kuyapigia kura:

1. Katika mazungumzo na waajiri, tuombe mabaki yasiyo na hatari yapewe shule za mtaa: chupa, nyaya, vipande vya mbao, mizani iliyochakaa, mipira ya ndani ya magurudumu. Chombo chochote kilichobeba dawa ya sumu, kiwe bidoni au pipa, kisipelekwe shuleni hata kikioshwa mara kumi.

2. Kila tawi lichague wafanyakazi wawili, mwanamume na mwanamke, watakaokwenda shuleni mwalimu akiwaita, kueleza kazi yao na hatari zake. Waende kumsaidia mwalimu, wasiende kumkagua.

3. Nusu siku hiyo ya shuleni ilipwe na mwajiri kama siku ya kazi, maana kijana anayejua hatari leo ni ajali moja pungufu kesho.

4. Chama chetu kisimame pamoja na vyama vya walimu katika dai la madarasa madogo, mshahara wa kutosha na maabara, hasa kila tarehe 5 Oktoba, siku ya walimu duniani. Walimu wakigoma tusiseme wanawaharibia watoto. Tuulize kwanza nani aliyeweka watoto 90 katika chumba kimoja.

5. Wazazi tuache kumsukuma mwalimu apige. Badala ya kumwuliza mtoto jioni, "Leo umepata ngapi?" tumwulize, "Leo umeuliza nini?"

Ndugu wafanyakazi, mitaa yetu imeona siku mbaya, nayo imebeba majina ambayo wengine waliyapa kwa dharau. Hatuwezi kuwaachia watoto wetu mashamba wala viwanda, kwa kuwa si vyetu. Lakini kichwa kinachouliza sababu hakiuzwi wala hakifungwi na tajiri yeyote. Mwalimu anayekitengeneza kichwa hicho, huku suruali yake ikiwa na viraka kama yetu, ni mfanyakazi mwenzetu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mkutano ujao wa tawi, njooni na majibu yenu juu ya mambo haya matano, na kila mmoja amwalike mwalimu mmoja anayemfahamu.

Umoja wetu ndio nguvu yetu.